Simu iliibwa, makato yakabaki: kisa cha bima ya simu kutoka Uyole

Mteja wa kisa hiki ni mama wa miaka hamsini na kitu, mfanyabiashara wa viazi mviringo pale Uyole, Mbeya. Anakusanya mzigo kwa wakulima wa Umalila na Isyonje, anaujaza kwenye magunia na kuupandisha kwenye malori yanayoshuka Dar es Salaam. Pesa zake karibu zote zinapita kwenye simu. Mteja wa Dar anatuma, yeye anawalipa wakulima, wapakiaji, dereva na mwenye stoo. Siku ya mzigo akaunti yake inaingiza na kutoa mpaka jioni. Katika mtiririko wa namna hiyo, shilingi 3,000 inayochomoka mara moja kwa mwezi haionekani kabisa.

Iliyoiona ni benki. Oktoba 2024 mama aliomba mkopo wa kununulia mzigo, akaambiwa alete taarifa ya miamala ya simu ya miezi kumi na miwili. Ofisa mikopo akaipitia na kalamu mkononi, akafika mahali akasimama.

“Mama, una simu ngapi?”

“Hii moja.”

“Mbona unalipia bima mbili?”

Mama hakujua kama analipia hata hiyo moja. Alikuja kwetu na kijana wake anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga, karatasi zimekunjwa ndani ya daftari la hesabu za viazi. Sisi ni wasaidizi wa kisheria, tunaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ninachoandika hapa ameniruhusu niandike, isipokuwa majina: la kwake, la duka, la mtandao wa simu na la kampuni ya bima. Suala liliisha kwa maelewano, na mwenye kutaka kujifunza hahitaji majina hayo.

Tuanze na tarehe, maana kisa hiki chote kimeshikiliwa na tarehe.

Tarehe 5 Machi 2022 mama alinunua simu janja kwa mkopo kwenye duka moja Mwanjelwa. Alitanguliza pesa kidogo, nyingine akawa analipa kila siku. Ni simu zile ambazo ukikosa kulipa zinajifunga zenyewe. Kijana wa dukani alimaliza kuiwasha, akampa aishike: “Mama, weka namba ya siri hapa, tumalizie.” Akaweka. Kilichokuwa kinamaliziwa ni idhini ya makato ya kila mwezi, shilingi 3,000 tarehe 5, kwa ajili ya bima ya simu. Ujumbe wenye namba ya bima uliingia dakika hiyo hiyo, kwa Kiingereza, ukafuatwa na ujumbe wa mkopo, wa mtandao, wa ofa ya bando. Hakuusoma.

Machi 2023 deni la simu likaisha. Duka lilimtumia ujumbe wa pongezi. Yeye akaelewa, kama ambavyo ningeelewa mimi au wewe, kwamba sasa hana anachodaiwa kuhusu simu ile. Lakini mkopo ulikuwa mkataba wake na duka, na bima ilikuwa mkataba wake na kampuni ya bima. Wa kwanza ulikuwa na siku ya mwisho. Wa pili haukuwa nayo.

Mei na Juni 2023 alikuwa Tukuyu akimuuguza mama yake. Biashara ilisimama na akaunti ikakauka. Makato hayakufanyika kwa sababu hakukuwa na cha kukatwa. Julai mzigo ukaanza tena, pesa ikaingia, na tarehe 5 mfumo ukachukua 3,000 yake kama kawaida. Shikilia miezi hiyo miwili, nitairudia.

Tarehe 19 Agosti 2023, stendi ya Nane Nane, simu ikachomolewa kwenye pochi wakati anagombea kupanda gari. Hakumwona mwizi wala hakuguswa. Shemeji yake alimshikilia mpaka wakaenda kituo cha polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa ya tukio, jambo ambalo mama aliliona la kupotezeana muda. Siku ya pili akarudisha laini yake kwa alama ya kidole, akaiweka kwenye kitochi, maisha yakaendelea. Na makato nayo.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Bima ya simu inakatiwa kifaa, na kifaa kinatambulika kwa IMEI, ile namba ya tarakimu 15 unayoipata ukibonyeza *#06#. Watanzania wengi tuliijua Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia na kila mtu akawa anakagua ya kwake kwa kutuma ujumbe 15090. Makato, kwa upande wake, hayajui IMEI. Yamefungwa kwenye namba ya simu, na namba inahama na mwenyewe kila anakokwenda. Simu ikiibwa, kitu kilichokatiwa bima kimeondoka, lakini mfuko unaolipa umebaki pale pale, na hakuna kengele inayolia kati ya viwili hivyo. Kurudisha laini ndiko kulikoyarudisha makato.

Tarehe 2 Septemba 2023 mama alirudi duka lile lile kuchukua simu nyingine kwa mkopo. Kwa kuwa alilipa ya kwanza vizuri, walimpunguzia pesa ya kutanguliza. Kijana wa dukani akajaza fomu. Simu ikawashwa, namba ya siri ikawekwa, na bima ya pili ikazaliwa, kampuni ile ile, shilingi 3,500 kila tarehe 2. Kuanzia hapo mama akawa analipia bima ya simu aliyonayo na ya simu aliyonayo mwizi.

Tulianza kwa kupata taarifa ya miamala yote kuanzia Machi 2022, maana ya miezi kumi na miwili ya benki haikutosha. Mtandao uliitoa, tukakaa chini kuhesabu. Bima ya kwanza: makato 14 kuanzia Machi 2022 hadi Aprili 2023, miezi miwili mitupu, makato mawili Julai na Agosti 2023, kisha 14 kuanzia Septemba 2023 hadi Oktoba 2024. Jumla makato 30, sawa na shilingi 90,000. Bima ya pili: makato 14 ya 3,500, yaani 49,000. Zote pamoja 139,000.

Mama alitaka 139,000. “Mwanangu, hela yangu yote imetoka bila mimi kujua. Irudi yote.”

Nilimwambia hapana, na alikunja uso. Naeleza kwa nini, kwa sababu hapa ndipo madai mengi ya aina hii yanapofia. Mtu anakuja na hoja kwamba alisahau, au hakujua. Kusahau si hoja. Kama simu ilikuwepo na bima ilikuwa hai, basi kwa miezi ile kampuni ilikuwa imebeba hatari. Kioo kingepasuka Novemba 2022, wangewajibika kulipa, mama awe anakumbuka au hakumbuki. Ndicho alichokinunua. Huwezi kuirudisha ada kwa sababu tu ajali haikutokea.

Kuna hoja ya pili inayovutia zaidi: kwamba hakukubali, alidanganywa aweke namba ya siri. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru, na aliyeridhia kwa kuhadaiwa anaweza kuukana mkataba. Naamini kabisa mama alihadaiwa. Lakini kuamini kwangu si ushahidi. Namba ya siri ni saini, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hakuna anayecheka saini ya namna hiyo. Ujumbe ulitumwa. Kijana aliyeuza simu ya kwanza hayupo tena dukani. Lingebaki neno la mama dhidi ya kumbukumbu ya kompyuta, na hoja hii ingebeba madai yote mgongoni. Ikianguka, yanaanguka yote. Nikashauri tuitaje kwa sentensi moja kwenye barua, tusiiegemee.

Kilichobaki ndicho chenye nguvu. Tuliigawa pesa ya bima ya kwanza kwenye mafungu matatu. Fungu la kwanza ni makato 14 ya mpaka Aprili 2023, shilingi 42,000: simu ipo, bima ipo, hatudai. Fungu la mwisho ni makato 14 kuanzia Septemba 2023, shilingi 42,000 nyingine: simu haipo, kwa hiyo hakuna kilichokuwa kinakatiwa bima. Katikati yapo makato mawili ya Julai na Agosti, shilingi 6,000, yenye utata wake.

Fungu la mwisho lina msingi wa zamani kabisa katika bima. Ada ni malipo ya kubebewa hatari, na hatari haiwezi kubebwa juu ya kitu kisichokuwepo. Kilichomsaidia mama ni kwamba ada yake ilikuwa ya mwezi. Angelipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, kampuni ingeweza kusema hatari imeshaanza kubebwa, na ada ikishaanza kufanya kazi haigawanywi kirahisi, labda hati yenyewe iruhusu. Ya mwezi ni tofauti. Kila tarehe 5 kinaanza kipindi kipya, na tarehe 5 Septemba 2023 kipindi kilianza bila simu. Hakuna siku hata moja ambayo kampuni ingeweza kudaiwa chochote. Pesa ya namna hiyo imelipwa kwa makosa, na Sheria ya Mikataba inamtaka aliyelipwa kwa makosa airudishe. Muda wa kudai pia upo: kwa madai yanayotokana na mkataba, Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka sita. Mwenye taarifa za miaka miwili au mitatu nyuma asitishwe na mtu wa huduma kwa wateja anayemwambia mfumo unarudisha ya miezi mitatu tu. Mfumo wa kampuni si sheria.

Je, wizi wenyewe? Kijana wa mama aliuliza swali la maana: kama kweli kulikuwa na bima Agosti 2023, kwa nini wasilipe simu iliyoibwa? Tuliomba hati ya bima, ikaja kwa barua pepe, kurasa nyingi za Kiingereza kidogo kidogo. Wizi uliofidiwa ni wa kutumia nguvu au kuvunja. Simu iliyochomolewa kwenye pochi bila mwenyewe kuhisi imetajwa wazi kwenye orodha ya visivyolipwa, na taarifa inatakiwa ndani ya siku saba. Mama angewahi siku hiyo hiyo, bado angekataliwa. Inauma, kwa sababu wizi wa stendi zetu ni huo wa kuchomoa. Anayeuza bima ya simu Mbeya huku akiacha nje wizi wa Nane Nane na Kabwe anajua anachokiacha. Lakini ndivyo ilivyoandikwa, tukaachana nalo.

Katika kurasa hizo hizo kulikuwa na kifungu kilichorudisha ile miezi miwili ya Tukuyu. Kilisema ada isipolipwa miezi miwili mfululizo, bima inasitishwa yenyewe, na ili irudi simu lazima ikaguliwe upya. Mei na Juni 2023 hazikulipwa. Hakuna aliyekagua simu Julai. Kwa karatasi ya kampuni yenyewe, basi, bima ilikufa mwisho wa Juni, na 6,000 ya Julai na Agosti ilikatwa kwa ajili ya maiti. Nilifurahi kuliona hilo, nakiri. Kampuni isingeweza kusema kirahisi kwamba kifungu kinawabana wateja tu.

Sasa tujiulize swali ambalo kampuni ingeuliza kwanza, na kweli ndilo waliloliuliza: mbona hukutuambia simu imeibiwa? Hati inamtaka mwenye bima atoe taarifa. Kwa wengi wenye kisa kama hiki jibu halipo, wanabaki kung'ang'ania huruma. Mama alikuwa na jibu kwenye boksi la simu ya pili.

Ilikuwa nakala ya fomu ya mkopo ya tarehe 2 Septemba 2023, ile karatasi ya pinki inayobaki kwa mteja. Kwenye nafasi ya “simu ya awali” kijana wa duka alikuwa ameandika kwa mkono wake: imeibiwa 19/8/2023. Chini kuna muhuri wa duka. Na duka lile ndilo lililouza bima zote mbili kwa niaba ya kampuni. Sheria ya uwakala, ambayo imo ndani ya hiyo hiyo Sura ya 345, inasema taarifa aliyoipata wakala akiwa kwenye shughuli za bosi wake huhesabika kama ameipata bosi mwenyewe. Duka lilijua kuwa simu ya kwanza imeibwa, na likajua wakati linauza bima ya pili ya kampuni ile ile kwa mteja yule yule mwenye namba ile ile. Kampuni nayo ilikuwa na taarifa zote mbili kwenye mfumo wake: mtu mmoja, namba moja, IMEI mbili. Tulipoisoma fomu ile kijana wa mama akaipiga picha mara mbili, akamkataza mama yake kuirudisha kwenye daftari la viazi.

RB nayo ikawa na thamani yake. Haikumrudishia mama simu, lakini ilifunga tarehe. Bila RB, kampuni ingeweza kusema simu huenda iliibwa Agosti 2024, na hakuna ambaye angewapinga kwa karatasi.

Kabla ya kuandika tulisitisha makato. Mpangilio wa hili una maana yake. Kijana wa mama alitaka kuzima bima zote mbili palepale kwa simu. Nilimwomba kwanza apige picha ya orodha ya makato yaliyoidhinishwa, ionekane kila idhini ilitolewa lini, kisha azime ya kwanza tu. Ya pili ilikuwa na simu hai chini yake, na kuiua kwa hasira kungemwacha mama bila bima huku bado analipa deni la simu. Mtandao ulisema wenyewe ni njia tu ya kupitishia pesa. Kwa suala hili walikuwa sahihi, na sikutaka kupoteza nguvu kuwabana. Ingekuwa makato yanatoka bila idhini yoyote kwenye kumbukumbu zao, njia ingekuwa nyingine: malalamiko kwa mtandao kwanza, kisha Benki Kuu, kwa kuwa pesa za simu ziko chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Benki Kuu ina tawi lake hapa Mbeya.

Duka lilimrushia mpira mtandao, mtandao ukaurusha kwa kampuni ya bima. Tukaacha kuufukuza, tukamwandikia aliyepokea ada. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sehemu yake kuu ilisomeka hivi:

“Mimi ni mwenye bima namba iliyotajwa hapo juu. Simu iliyokatiwa bima hiyo iliibwa tarehe 19 Agosti 2023 (RB imeambatishwa). Wakala wenu aliyeniuzia bima alipata taarifa ya wizi huo kwa maandishi tarehe 2 Septemba 2023 (fomu imeambatishwa). Pamoja na hayo mmeendelea kupokea shilingi 3,000 kila mwezi hadi Oktoba 2024. Aidha, kwa mujibu wa kifungu cha hati yenu kuhusu kutolipwa ada kwa miezi miwili, bima hii ilisitishwa Juni 2023 na haikurejeshwa kwa ukaguzi. Naomba mnirejeshee shilingi 48,000, yaani makato 16 yaliyoorodheshwa kwenye kiambatisho, kwenye namba ile ile mliyokata, na mthibitishe kwa maandishi kwamba bima hii imefungwa.”

Hakuna vitisho humo, wala malalamiko ya kudanganywa zaidi ya ile sentensi moja niliyoitaja. Mama alitaka tuongeze kwamba wamemwibia. Tulimsihi, tukaiacha.

Jibu la kwanza lilikuja Novemba. Kampuni ilisikitika, ikasema mteja hakutoa taarifa kwa njia iliyowekwa, na kwa kuthamini uhusiano ingerudisha ya miezi mitatu, shilingi 9,000. Namba hii ya miezi mitatu utakutana nayo sana. Haitoki kwenye hati wala kwenye sheria. Walijibu suala la fomu kwa kusema duka limeruhusiwa kuuza tu, halijaruhusiwa kupokea taarifa za madai. Hoja hii si ya kudharau. Wakala anaweza kweli kuwekewa mipaka. Lakini mipaka ambayo mteja hajaonyeshwa haimfungi mteja, na hapa hatukuwa tunaleta dai la fidia ambalo lina utaratibu wake. Tulikuwa tunasema tu kwamba kampuni ilijua hakuna simu.

Tukaandika tena tukieleza hayo, na safari hii nakala ikaenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya. TIRA ndiyo inayosimamia kampuni na mawakala chini ya Sheria ya Bima Na. 10 ya 2009, na hakuna kampuni inayopenda jina lake liwe juu ya meza hiyo kwa sababu ya elfu arobaini. Kando yake ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo haimtozi mlalamikaji. Sharti ni uwe umeshalalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, ndiyo maana barua zile na majibu yake yanatunzwa. Tuliitaja ofisi hiyo kwenye barua kama hatua inayofuata. Hatukuifikia.

Katikati ya kungoja, mama alipigiwa simu. Mtu mwenye sauti ya ofisini akajitambulisha kuwa wa kampuni ya bima, akasema pesa yake imeidhinishwa na inahitaji “kuthibitishwa” kwa namba ya siri. Sokoni habari zilikuwa zimeshaenea, na mama mwenyewe ndiye aliyezieneza. Akamjibu kwa Kinyakyusa maneno ambayo siyaandiki, kisha kijana wake akaituma namba hiyo 15040. Anayerudisha pesa anaiweka, hahitaji namba ya siri ya anayerudishiwa.

Desemba wakakubali 42,000, yote ya baada ya wizi. Kuhusu Julai na Agosti walishikilia kwamba kwa kupokea ada walikuwa wameirudisha bima bila kudai ukaguzi, na simu wakati huo ilikuwepo. Niwe mkweli, hoja yao hapa ina miguu. Simu ingepasuka Julai 20, sisi wenyewe tungekuwa tunapiga kelele kwamba mmepokea pesa, lipeni. Nilikuwa tayari kuendelea na hiyo 6,000 mpaka kwa msuluhishi, kwa sababu nilitaka kuona kifungu kile kinasomwaje. Mama alikuwa na lori linapakia Isyonje. Alisema mwenye hamu ya kifungu aende yeye.

Kilichotuchelewesha siku chache za mwisho ni fomu ya kukubali malipo. Iliandikwa kwamba mteja hatakuwa na dai lingine lolote “kuhusu bima zozote alizonazo na kampuni”. Angesaini vile, na kesho kutwa kioo cha simu ya pili kikapasuka, wangekuwa na karatasi ya kumwonyesha. Tuliomba ibadilishwe isomeke bima ya kwanza kwa namba yake, wakabadilisha bila ubishi. Wenzangu wanaosaidia watu, fomu hizo msizipitie haraka kwa furaha ya pesa kupatikana.

Nimeulizwa kama haya hutokea kwa wenzetu walioendelea. Hutokea kwa ukubwa zaidi. Machi 2019 mamlaka ya Uingereza inayosimamia mienendo ya fedha iliitoza Carphone Warehouse faini ya zaidi ya pauni milioni 29 kwa namna ilivyouza bima za simu kati ya Desemba 2008 na Juni 2015, ikiwemo kuwafundisha wauzaji kuwashawishi watu ambao tayari huenda walikuwa na bima nyingine inayofunika simu hiyo hiyo. Sehemu hiyo ya mwisho ingemhusu mama wa Uyole. Tofauti ni kwamba kule msimamizi aliichukua biashara nzima akaipima, na hapa kila mtu anabeba karatasi zake mwenyewe. Ndiyo sababu nimeandika kwa urefu habari ya fomu ya pinki na RB.

Kuhusu 49,000 za bima ya pili, hatukudai hata shilingi. Mama aliziweka kwenye hesabu yake ya hasara kwa muda, mpaka kijana alipomsomea hati kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu: kioo wanalipa, maji wanalipa, kuchomolewa stendi hawalipi, na katika kila dai asilimia 20 anajilipia mwenyewe. Akauliza kioo cha simu ile kinabadilishwa kwa bei gani pale Kabwe. Kijana akaenda kuuliza, akarudi na jibu la 90,000. Mama akapiga hesabu kichwani: ada ya mwaka ni 42,000, asilimia yake 20 ya kioo ni 18,000, jumla 60,000 kama kitapasuka. Simu yake inashinda kwenye mfuko wa aproni katikati ya magunia. Akaamua iendelee.

Ameomba kitu kimoja kutoka kwa kampuni, ujumbe wa kila makato uje kwa Kiswahili ukitaja simu gani inalipiwa. Wamemjibu kwamba maombi yake yamepokelewa.